Nani Anataka Posho?

Ukimwamkia Afande wa kata yetu shikamoo, hajibu kama binadamu. Anakupa amri. "Marahaba, legeza!" Hapo inabidi ulegeze, sijui ulegeze nini, maana ulikuwa umesimama tu na ndoo yako ya maji kichwani. Nikiwa darasa la tatu niliwahi kulegeza kweli. Ndoo ikaanguka, maji yakamlowesha buti, akaniambia nimeharibu mali ya serikali. Nilikimbia nikilia mpaka nyumbani, nikajificha nyuma ya migomba nikisubiri jela.

Leo niko kidato cha tatu na nimeshajua kwamba ile buti haikuwa mali ya serikali. Aliinunua mwenyewe mnadani. Kofia aliinunua mwenyewe. Sare ile ya kijani, ambayo sasa imepauka hadi inafanana na jani la mgomba wakati wa kiangazi, aliinunua mwenyewe alipokuwa anakwenda mafunzo. Mali ya serikali iliyokuwepo pale siku ile ilikuwa barabara peke yake, nayo ilishalowa mvua.

Simwandikii sifa. Kwetu mtu akianza kusomewa sifa ujue amekufa au anagombea, na huyu hajafa, wala hakuna wa kumpigia kura. Ukoo wake siuelezi pia, mwulizeni mwenyewe mkiwa na siku nzima. Ninachojua ni kwamba nimemfahamu tangu nijue kutembea, na sehemu kubwa ya huko kutembea niliitumia kumkimbia.

Afande ni mgambo. Kwa asiyejua, mgambo ni raia aliyepitishwa mafunzo ya kijeshi, akafundishwa kutambaa na kulenga shabaha na kuitikia kwa sauti, kisha akarudishwa kwao akalime mpaka nchi itakapomhitaji. Jina lenyewe la kitabuni ni Jeshi la Akiba. Mama yangu naye ana akiba, maharage ya mbegu, kwenye chungu kilicho juu ya uchaga. Tofauti ni kwamba maharage ya mama yakiwekwa akiba yanakaa kimya. Hayatoki kwenye chungu asubuhi yakaenda kukamata watu.

Mshahara hana. Nalisema mapema ili mtu asidhani kuna siri mbele. Ofisi ya kata ikimtuma akakulete, ofisi haimlipi. Unamlipa wewe unayeletwa. Malipo hayo yana jina, yanaitwa ya soli. Umemtembeza mtu, soli ya buti imelika, basi toa ya soli. Hata ukifika ofisini ikaonekana walikuita kwa makosa, ya soli umeshatoa na hairudi.

Jirani yetu Ta Klemensi, yaani Baba Klemensi, mzee mwenye kahawa nyingi na mdomo mwingi, kibanja chake cha migomba na kahawa kinapakana na ofisi ya kata. Wakipiga chafya kule ofisini, yeye huku anaitikia. Siku moja Afande alitumwa kumwita. Akatoka ofisini, akashuka bondeni, akapita kisimani tulikokuwa tunachota maji, akapanda kilima cha shule, akazunguka mikaratusi, ndipo akatokea kwa Ta Klemensi akihema. Sisi watoto tulikuwa tunamfuata nyuma tukidhani kuna vita.

"Klemensi, unaitwa ofisini. Na ya soli."

"Soli gani, waitu, ndugu yangu? Si nimekuona unatoka hapo mlangoni?"

"Umeniona natoka. Umeniona nafika?"

Ta Klemensi alitoa. Wote wanatoa. Asiye na hela anatoa ndizi, asiye na ndizi anatoa kuku, na hapo ndipo tunapofika kwa jogoo wetu.

Shuleni kila mzazi anatakiwa achangie mahindi ya chakula cha mchana. Sisi ni watu wa ndizi na kahawa. Mahindi mama anapanda pembeni ya kibanja, ya kuchoma tu. Mwaka huo mvua ilichelewa, mama naye akachelewa. Afande akaja kuyadai. Mama akamtolea mkungu mkubwa, ule ambao alikuwa ameuwekea nguzo mbili usianguke.

"Ndizi shule haipokei, Mama Deo. Ndizi haisagiki."

"Sasa nifanyeje, Afande? Nikakusage wewe?"

Alicheka mpaka kofia ikasogea. Nikadhani yameisha. Lakini macho yake yalikuwa yameshamwona jogoo wetu, mwekundu, mwenye maringo, tuliyemwita Mwenyekiti kwa sababu alikuwa anaongea sana na hatagi. "Huyu atakuwa ya soli," akasema, na kabla mama hajamaliza kusema mawe, yaani mama yangu wee, Mwenyekiti alikuwa ameshaning'inia kichwa chini, ameshikwa miguu kwa mkono wa kulia wa Afande. Enzi hizo mkono ule ulikuwa unafunga. Mahindi tukabaki tunadaiwa vilevile. Jumatatu yake nilirudishwa nyumbani kuyafuata.

Kaka yangu Deo alikuwepo siku hiyo. Unajua alisema nini? Alisema, "Umeona alivyomdaka? Mkono mmoja!"

Deo alikuwa anamhusudu Afande. Alipomaliza kidato cha nne na matokeo yakarudi yamelala chali, alibaki nyumbani anachuma kahawa za watu na kusubiri kitu kimtoe. Akaamua kitu chenyewe ni mgambo. Kuna maneno yanazunguka hapa kwetu kwamba ukipitia mgambo milango inafunguka, unapata kazi ya ulinzi mjini, au jeshi lenyewe linakuona. Akaanza kunyoa kipara kama cha Afande. Akaanza kukimbia asubuhi kwenye barabara ya Nyabiyonza akiwa amefunga tofali mgongoni kwa kanga ya mama. Nikimsalimia ananijibu "legeza." Nikaona kabisa linalokuja. Kaka yangu, mwenye akili ya kutengeneza redio iliyokufa, atazunguka bondeni akihema, adai kuku wa bibi ya mtu. Hilo ndilo lililonifanya nimchukie Afande kwa moyo wangu wote. Kuku tulipata mwingine. Kaka mwingine mama alishasema hazai.

Sasa niwaeleze kuhusu posho, maana bila hiyo hamtamwelewa.

Sehemu nyingine za nchi hii posho ni hela ya kujikimu. Ukilitaja neno hilo kwenye mkutano, watu wanakaa vizuri kwenye viti. Kwetu posho ni ugali. Neno limevuka mpaka kutoka Uganda pamoja na vitenge na sabuni, likakaa, na ukilitaja mtu anaona sufuria jeusi la shule ya bweni na mwiko mrefu kama mpini wa jembe. Mnyambo, mtu wa huku kwetu, aliyelala na ugali tumboni, ukimuuliza asubuhi, atakuambia alilala njaa.

Basi siku ya kwanza ya mafunzo ya Afande, na hapa anasimulia yeye, akitafuna kahawa zake na kutema maganda, mkufunzi wao alikuwa mtu wa mbali, wa huko mahindi yanakoota mpaka mlangoni. Akawapanga mstari. Akapaza sauti: "Nani anataka posho? Anyooshe mkono!"

Vijana wa Karagwe na Kyerwa wakatazamana. Nani anyooshe mkono kwa ajili ya ugali, tena siku ya kwanza, aonekane kwao hawana hata mgomba? Kijana mmoja wa Nyakakika akajitutumua: "Afande, sisi tumezoea ndizi!" Mkufunzi hakuelewa ndizi zimeingiaje. Akarudia: "Yaani hakuna anayetaka posho hata mmoja?" Wakajibu kwa pamoja, kifua mbele, kama walivyokuwa wamefundishwa asubuhi ileile: "Hakuna, Afande!"

Yule mtu akavua kofia. Akasema tangu aanze kazi hajawahi kuona wazalendo wa namna hii. Akawapigia saluti, kundi zima.

Mchana wakaletewa ugali.

"Tangu siku hiyo," Afande anasema, "sisi wa huku inajulikana kwamba hatutaki." Mimi siamini. Mgambo wa mikoa mingine nao hawana mshahara, na ugali wanaula tangu kuzaliwa. Nadhani aliitunga, au alitunga nusu, kwa sababu ni afadhali mtu akuulize kwa nini hulipwi umwambie nilikataa. Lakini nimeisikia mara nyingi, na kuna kitu nimekiona. Zamani alikuwa anaisimulia mpaka mwisho, anacheka hadi anapaliwa na kahawa. Tangu alipoumia mkono anaishia pale kwenye saluti.

Aliumia kwenye kahawa. Bei ikipanda ng'ambo, kahawa za huku huota miguu. Zinapita alfajiri kwenye pikipiki, gunia mbele, gunia nyuma, kuelekea upande wa Kyerwa na mpakani. Wakubwa wakaamua pawekwe kizuizi, na kizuizi chenyewe kilikuwa kamba, rungu na Afande. Pikipiki ya kwanza ilisimama. Ya pili haikusimama. Mtu mwenye akili angeruka mtaroni, yeye alidaka gunia kwa mkono wa kulia, kama alivyomdaka Mwenyekiti. Alivutwa na ile pikipiki, mkono ukaingia kwenye tairi. Gunia alilipata. Vidole havijafunga tena tangu siku ile. Mkono umebaki wazi, umekakamaa, kama wa mtu anayeaga wageni.

Kilichofuata kwenye maofisi anakisimulia vizuri kuliko ninavyoweza. Alikwenda kwa mkubwa mmoja, mtu wa mjini mwenye feni mezani.

"Wewe ni askari?"

"Ndiyo, mkuu."

"Namba yako ya ajira?"

"Sina. Mimi ni wa kujitolea."

"Basi wewe ni raia. Raia anajitibu mwenyewe."

"Kama mimi ni raia, mkuu, nilikuwa nafanya nini kizuizini na rungu?"

Yule bwana akawaza kidogo, akasema hilo ni swali zuri, aende akaliulize ofisi ya pili. Ya pili ikamwambia bima ipo kwa walioajiriwa. Ya tatu ikampa soda. Afande husema ile soda ndiyo pensheni yake, na kwamba ilikuwa ya moto.

Ningependa kuwaambia kwamba hapo nilimwonea huruma. Nilicheka. Nilimwambia Deo mezani, "Hiyo ndiyo kazi unayoikimbilia, ukiumia unapewa Fanta." Deo akanirushia ganda la ndizi.

Halafu kuna habari ya butura. Butura ni kuuza kahawa ikiwa bado mtini, wakati mwingine ikiwa bado maua. Una shida leo, mnunuzi anakupa kidogo leo, msimu ukifika anakuja kuchuma yote yeye. Imekatazwa, na aliyekuwa anakamata watu wa butura kwa nguvu kuliko wote ni Afande. Ta Klemensi alipouza maua yake ili amzike mkewe, Afande alimpitisha katikati ya gulio akiwa amemvisha tawi la kahawa shingoni kama shada. Watu walicheka. Ta Klemensi alikuwa anatembea anaangalia chini, na mimi sikucheka, na mnajua si kawaida yangu.

Sasa mkono ulipohitaji kupasuliwa na maofisi yamemaliza soda, Afande aliuza nini? Maua. Msimu ulipofika nilipita kwake nikiwa natoka kusaga, nikamkuta mnunuzi kapanda ngazi, anachuma, vijana wake wanakung'uta matawi mpaka yanavunjika. Afande kakaa kizingitini, sare kamili, rungu magotini. Alikuwa analinda. Mnunuzi alikuwa anaogopa wezi, na mlinzi aliyemjua ni mmoja tu. Ta Klemensi akatokea njiani na fimbo yake, akasimama, akatazama mtini, akatazama kizingitini.

"Afande. Hiyo si butura?"

"Ndiyo."

"Hukamati?"

"Niko kwenye matibabu."

Ta Klemensi akakata tawi dogo la kahawa kwenye ua, akaliweka taratibu kwenye goti la Afande, akaenda zake. Nilitembea mpaka nyumbani na unga kichwani nikicheka peke yangu, unga wote ukaniingia machoni.

Haki yake nimpe, moja tu, nikishampa tusisumbuane. Kwenye misiba hadai ya soli. Akisikia kilio anafika wa kwanza na sepetu, anachimba kaburi, siku hizi anachimba kwa mkono mmoja na kiwiko, na ukimwambia pumzika anakutukana. Kaburi la mke wa Ta Klemensi yeye ndiye aliyelichimba. Kumkamata mumewe kulikuja baada ya matanga. Lakini pia ndiye anayepakua wa kwanza, kwa hiyo sijui tuseme nini.

Nilitaka kusema juu ya siku ya miguu.

Mwaka jana tangazo la mafunzo lilitoka, na ofisi ikampa Afande kazi ya kuhamasisha vijana. Alisimama gulioni juu ya kreti la soda akiwa ameficha mkono wa kulia mfukoni. "Vijana! Nidhamu ipo! Posho ipo! Matibabu yapo! Ajira ziko mbele!" Mkono mfukoni, mnaona? Nilikuwa naangalia ule mfuko. Nilitamani niende niuvute mbele za watu. Nikapaza sauti kutoka upande wa wauza nyanya: "Posho ya mboga gani, Afande?" Gulio zima likacheka, akanitishia rungu, na Deo aliyekuwa mstari wa mbele akageuka akanitazama kama mtu asiye na dada.

Siku ya kuandikisha walikusanyika kwenye baraza la ghala la kahawa. Alikuwepo askari kutoka wilayani, anakaa kwenye kiti, anasubiri kuletewa waliofaa. Kazi ya kukagua miguu ilikuwa ya Afande, kwa sababu mwenye miguu bapa hawezi mwendo mrefu. Ukaguzi wenyewe ulikuwa beseni la maji. Unachovya mguu, unakanyaga sakafu ya saruji, wanaangalia alama. Mguu mzuri unaacha pengo katikati. Bapa unaacha alama ya chapati.

Nilipanda juu ya ukuta wa tangi la maji nione. Vijana walipita mmoja mmoja, sawa, sawa, sawa. Zamu ya Deo. Alikuwa amevaa bukta aliyoipiga pasi mwenyewe. Akachovya, akainua mguu, na alipokuwa anakanyaga nikamwona Afande anasogea karibu, kama mtu anayetaka kuona vizuri, anaweka ule mkono mbovu begani kwa Deo na anaegemea. Aliegemea na mwili wote. Mguu wa mtu yeyote ungetandazika.

"Bapa!" akapiga kelele. "Bapa kama bata! Anayefuata!"

Baraza zima liliangua kicheko. Deo akaomba arudie. Afande akamwambia jeshini hakuna kurudia, huku akimwaga maji ya beseni juu ya ile alama, ikapotea. Tangu siku hiyo kaka yangu anaitwa Bata. Watoto wa darasa la pili wanamfuata barabarani wakitembea vidole nje.

Nyumbani kulichafuka. Deo hakula. Alisema Afande ana wivu, hataki mtu mwenye vidole vinavyofunga aje amfunike. Mama akasema, polepole, akimenya ndizi, kwamba yeye anaona mwanawe ameokolewa, na Mungu akitaka kukuokoa hachagui anayemtuma. Nilisema wote wamekosea, yule mtu ni mbaya tu, ana aina nyingi za ubaya na ile ilikuwa mpya. Lakini nilikuwa nimeona ule mkono ulivyoegemea, nikawa sina usingizi mzuri.

Mwezi uliopita nilimkuta peke yake. Nilikuwa natoka shule, mchana wa Ijumaa, jua kali, kahawa zimeanikwa pande zote za njia. Kakaa juu ya kalavati, buti moja iko katikati ya magoti, anajaribu kushona kipande cha tairi. Sindano kaishika kwa kushoto, uzi anauvuta kwa meno.

"Shikamoo, Afande."

"Marahaba, legeza."

"Nimeshalegeza. Afande, miguu ya kaka yangu siyo bapa."

Akavuta uzi, akaukata. "Najua."

Sasa mimi nilikuwa nimeandaa maneno ya kumbana mtu atakayekataa. Sikuwa na maneno ya mtu anayejua.

"Ulimwegemea. Nilikuona."

"Uliniona naegemea. Uliniona nawaza?"

"Uliwaza nini?"

Aliinua macho, akatazama bonde lote, vibanja vimepangana mpaka upande wa Nyakasimbi, moshi wa jikoni kila mahali. "Hii kata ina kuku wangapi, binti?"

"Sijui."

"Mimi najua. Hawatutoshi wawili."

Nikamtazama nione kama anatania. Uso ulikuwa uleule anaovaa akidai ya soli. Nikamwambia, "Mama anasema ulimhurumia."

"Mama yako anapenda sana kanisa." Akarudia kushona. Sindano ikamchoma, akaitukana kwa Kinyambo tusi ambalo siliandiki, nasoma shule ya kata.

Nikasema lile lililokuwa limenileta kwenye kalavati. "Deo anakwenda kwa shangazi. Kata yake wanaandikisha mwezi ujao. Bukta ameshaipiga pasi. Huko hakuna wa kumwegemea."

Sindano ikasimama.

"Anayekagua miguu kule tulitambaa naye kwenye tope moja," akasema. "Na yeye alikataa posho siku ileile." Halafu akanitazama kwa jicho lile alilomtazamia Mwenyekiti. "Lakini ni mwendo."

Nilijua. Kabla hajafungua mdomo nilijua. "Afande. Hata hili? Hata kumzuia mtu asije akawa kama wewe, unataka ya soli?"

Akanyanyua buti, soli ikaning'inia kama ulimi wa mbwa. "Hili ndilo la mbali kuliko yote."

Nina jogoo. Nilikuwa naye, niseme. Anaitwa Makamu, mtoto wa dada yake Mwenyekiti, na nilimlea tangu akiwa anachungulia kwenye yai ili nimuuze ninunue viatu vya shule, maana hivi nilivyonavyo vimefunguka mbele, vinacheka kuliko mimi. Jumamosi asubuhi nilimbeba kwapani, nikamwambia mama nampeleka kuchanjwa. Deo alikuwa uani ananoa panga, akanitania kwamba hata kuku wangu atakuwa na miguu bapa.

Afande alikuwa palepale, tayari kwa safari. Amevaa sare, kofia, na kandambili. Zile buti alikuwa amezifunga kamba na kuzining'iniza shingoni.

"Unakwenda na kandambili?"

"Soli inatunzwa."

Nilitaka nigeuze, wallahi, nirudi na jogoo wangu. Mtu anakudai ya soli na soli zenyewe amezivaa shingoni! Lakini nilimwona Deo kichwani mwangu, amesimama kwenye kizuizi na kamba, pikipiki inakuja. Basi nikasimama katikati ya barabara, nikaweka miguu pamoja, nikavimbisha kifua, nikatoa sauti nene ya mtu wa mbali, wa huko mahindi yanakoota mpaka mlangoni.

"Nani anataka posho? Anyooshe mkono!"

Alitazama barabara upande wa juu, akatazama upande wa chini. Hakuna mtu. Akaweka kandambili zake sawasawa, visigino pamoja. Akanyoosha mkono wa kulia, ule, juu kabisa, vidole vyote wazi.

"Mimi, Afande!"

Alipiga kelele mpaka Makamu akashtuka na kuniparua. Nikamsogelea, nikamkabidhi. Alimpokea kwa mkono wa kushoto, miguu juu, kichwa chini, kwa ustadi uleule, huku wa kulia ukiwa bado hewani.

"Legeza," nikamwambia, nikaenda zangu.